Poti Yenye Wenyewe Wawili

Kila aliyewahi kuandika programu ya seva anaujua ujumbe huu: anwani tayari inatumika. Umeizima seva yako mwenyewe sasa hivi, umerekebisha mstari mmoja, unaiwasha tena, na mfumo unakujibu kwamba poti unayoitaka imeshikwa. Unatazama orodha ya programu zinazoendelea, huoni hata moja iliyoishika. Unangoja dakika moja, unajaribu tena, inakubali. Kwenye Linux kosa hilo ni nambari 98. Kwenye FreeBSD na macOS ni 48. Kwenye Windows ni 10048, na hapo ukoo wake unajitaja wenyewe, kwani ni ile ile 48 ya Unix ya Chuo Kikuu cha Berkeley (BSD) iliyoongezewa 10000.

Walioandika kanuni za soketi za Windows walizichukua nambari za Berkeley, wakayachukua majina ya Berkeley, na karibu kila utaratibu wa Berkeley ukaja nao. Lakini chaguo moja dogo, SO_REUSEADDR, lilifika likiwa na jina lile lile na kazi nyingine kabisa. Programu nyingi zinazokusudiwa kuendeshwa kwenye Unix na kwenye Windows kwa msimbo mmoja zimejikwaa hapo, na baadhi zingali zinajikwaa.

Chanzo cha chaguo hilo ni pakiti zinazochelewa. Vinton Cerf na Robert Kahn walipochapisha mpango wao wa kuunganisha mitandao mwaka 1974, walijua kwamba pakiti inaweza kuzubaa njiani, ikapitia njia ndefu, ikafika wakati waliokuwa wakizungumza wameshaagana. Ray Tomlinson wa kampuni ya BBN, yule yule aliyeiweka alama ya @ kwenye anwani za barua pepe, alilishughulikia suala la namna ya kuchagua nambari za mfuatano ili pakiti ya jana isidhaniwe kuwa ya leo. Hati ya TCP, kanuni iliyotokana na mpango ule, ya Septemba 1981, RFC 793, iliyohaririwa na Jon Postel, ikaweka nambari ya biti 32 na saa inayoongeza moja kila baada ya maikrosekunde nne hivi. Kwa mwendo huo nambari hurudi mwanzo baada ya takriban saa nne na nusu.

Hata hivyo nambari peke yake haikutosha. Hati ile ikaagiza kwamba upande unaotangulia kufunga muunganisho usiusahau mara moja. Uuweke katika hali iitwayo TIME-WAIT kwa muda ulio mara mbili ya umri mrefu kabisa ambao pakiti inaweza kuishi mtandaoni. Umri huo ukakadiriwa kuwa dakika mbili, kwa hiyo kungoja ni dakika nne. Ni kama sanduku la posta: mwenye S.L.P. akihama, posta haimpi mtu mwingine sanduku hilo siku hiyo hiyo, maana barua za yule wa kwanza bado ziko njiani. Waandishi wenyewe hawakuificha hali halisi. Walisema wazi kwamba dakika mbili ni uamuzi wa kihandisi tu, na uzoefu ukionyesha vingine ubadilishwe. Ulibadilishwa. Linux hungoja sekunde 60, mifumo ya ukoo wa BSD nayo ikazoea sekunde 60, ilhali Windows za zamani zilingoja sekunde 240 kamili, kama ilivyoandikwa.

Sasa angalia kwa makini ni kitu gani hasa kinachongojwa. Muunganisho wa TCP hutambulika kwa vitu vinne: anwani yangu, poti yangu, anwani yako, poti yako. Kinachohitaji kutengwa ni hivyo vinne kwa pamoja, si poti yangu peke yake. Mteja mwingine, kutoka anwani nyingine, hana uhusiano wowote na pakiti zilizochelewa za yule aliyeondoka. Lakini seva inapoomba kushika poti haijui bado nani atabisha hodi. Kerneli ina vitu viwili tu mkononi, anwani na poti za nyumbani, na ikiona bado kuna mabaki ya muunganisho wa zamani kwenye poti hiyo, inaikataa yote. Ule ujumbe wa kosa umezaliwa hapo.

Januari 1, 1983, ARPANET iliachana na kanuni zake za zamani ikahamia TCP/IP. Agosti mwaka huo huo Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kikatoa 4.2BSD, toleo la Unix lililogharimiwa na DARPA, na ndani yake zikaja soketi. Rob Gurwitz wa BBN alikuwa ameandika TCP/IP ya kuanzia. Bill Joy akaifumua na kuiandika upya kwa namna aliyoona inafaa kasi za mtandao wa ndani, na Sam Leffler na wenzao wakaendelea kuijenga. Waliiona tabu ya seva inayoshindwa kurudi baada ya kuzimwa, na wakaweka chaguo la kuikwepa. SO_REUSEADDR ni maneno ya mwandishi wa seva kwa kerneli: najua kuna mabaki, ni yangu, niache nisikilize.

Kuna hali nyingine iliyolifanya chaguo hilo kuwa la lazima, nayo ilikuwa ya kawaida sana enzi hizo. Seva ya Unix hupokea mteja, hujigawa, na mtoto huendelea kumhudumia mteja huku mzazi akirudi kusikiliza. Mzazi akifa na mtoto bado anahudumia, muunganisho ule hai unaishikilia poti. Mzazi mpya akija, hapati nafasi mpaka mteja yule amalize shughuli zake, hata kama ni za kutwa nzima. Kwa SO_REUSEADDR anapata.

Ila Berkeley waliweka mpaka. Chaguo hilo liliruhusu kupita juu ya mabaki na juu ya miunganisho inayoendelea. Halikuruhusu seva mbili za TCP kusikiliza kwenye anwani ile ile na poti ile ile kwa wakati mmoja. Wa pili alikataliwa, chaguo liwepo lisiwepo.

Aliyeeneza ushauri wa kulitumia kuliko mtu mwingine yeyote alikuwa W. Richard Stevens. Kitabu chake cha uandishi wa programu za mtandao kwenye Unix kilitoka mwaka 1990, kikaandikwa upya mwaka 1998, na kikawa msahafu wa kazi hii. Ushauri wake ulikuwa mfupi: seva zote za TCP ziweke SO_REUSEADDR kabla ya kushika poti. (Wasomaji wachache wanajua kwamba Stevens alizaliwa Luanshya mwaka 1951, kwenye Ukanda wa Shaba wa nchi ambayo leo ni Zambia, mwendo mfupi kutoka mpaka wa Kongo. Alifariki Septemba 1999, akiwa bado kijana kwa umri wa waandishi.) Kwa msomaji wa Unix ushauri ule ulikuwa sahihi, na ungali sahihi. Tatizo ni kwamba msomaji alipohamia Windows alihama nao.

Windows ya miaka ya mwanzo ya 1990 haikuja na TCP/IP. Kila kampuni iliuza yake, na programu iliyoandikwa kwa moja haikwenda kwa nyingine. Mwaka 1991, kwenye maonyesho ya Interop, Martin Hall wa kampuni ya JSB aliwakutanisha washindani hao, na kutokana na mazungumzo yale ikazaliwa Winsock, kanuni za pamoja za soketi za Windows. Toleo la 1.1 lilitoka Januari 1993. Ilikuwa kazi nzuri. Programu za Unix zilianza kuhamia Windows kwa marekebisho machache, kwa sababu majina yalikuwa yale yale.

Ndani ya utekelezaji wa Microsoft, hata hivyo, mambo mawili yalikuwa kinyume na Berkeley. La kwanza ni zuri: Windows haikatai poti kwa sababu ya mabaki ya TIME-WAIT. Seva ikizimwa na kuwashwa upya hupata poti yake bila kuomba chochote, kwa hiyo lile tatizo la Berkeley halikuwapo. La pili ni baya: ukiweka SO_REUSEADDR, Windows inakuruhusu kushika poti ambayo programu nyingine inaisikiliza wakati huo huo. Haikuonyi, wala haimwambii mwenyewe wa kwanza. Mteja akija, nani atampokea? Nyaraka za Microsoft zenyewe zinajibu kwamba haijulikani.

Watu waliolielewa jambo hili mapema walikuwa wale wa usalama. Unix ina desturi ya kuzihifadhi poti zilizo chini ya 1024 kwa msimamizi peke yake. Windows haina desturi hiyo. Mtumiaji wa kawaida kwenye mashine ya Windows NT yenye watu wengi angeweza kuandika programu ndogo, akaweka chaguo lile, akaomba anwani mahususi ya mashine na poti ya huduma iliyokuwa tayari inasikiliza anwani zote, na wateja wakaanza kuja kwake. Angeweza kusoma wanachotuma, kisha akawapitisha kwa seva halisi, na asijulikane. Jibu la Microsoft lilikuja na Windows NT 4.0 Service Pack 4, mwaka 1998: chaguo jipya, SO_EXCLUSIVEADDRUSE, ambalo seva huliweka ili mtu mwingine asiweze kuingia kwenye poti yake hata akija na SO_REUSEADDR. Kichekesho ni kwamba kwa muda lilihitaji mamlaka ya msimamizi, kana kwamba kufunga mlango wako ni cheo. Windows Server 2003 ndiyo iliyobadilisha hali ya kawaida, hata mtumiaji mmoja asiweze kunyakua soketi ya mwingine kirahisi.

Unix nayo isijione safi. Kwenye mifumo ya BSD, aliyeweka SO_REUSEADDR aliweza kushika anwani mahususi juu ya aliyeshika anwani zote, na huduma ya mafaili ya NFS hukaa kwenye poti 2049, juu ya ule mpaka wa 1024. Stevens mwenyewe aliitaja hatari hiyo. Linux iliziba tundu hilo kwa ukali zaidi: kama kuna soketi ya TCP inayosikiliza anwani zote kwenye poti fulani, hakuna wa kuipita kwa anwani mahususi. Kwa hiyo hata ndani ya nyumba ya Unix wenyewe hawakubaliani, na programu iliyopita majaribio yote kwenye FreeBSD inaweza kukataliwa kwenye Linux.

Mashambulizi ni habari za kusisimua, lakini madhara makubwa zaidi ya tofauti hii yalikuwa ya kimya: programu zisizo na adui yeyote zilizojifunga zenyewe. Kisa kilichoandikwa vizuri kuliko vyote ni cha lugha ya Python, mwaka 2008.

Mradi wa Python huendesha majaribio yake mfululizo kwenye mashine nyingi za aina mbalimbali. Mashine za Windows zilikuwa zinakwama. Jaribio la mtandao linaanza, halifaulu wala halifeli, na programu ya Python inabaki pale haijibu kitu, ikizuia kazi zote zinazofuata. Nambari za poti zilikuwa zimeandikwa moja kwa moja ndani ya majaribio, na kila jaribio, kwa kufuata ushauri wa Unix, liliweka SO_REUSEADDR. Majaribio mawili yalipoangukia poti moja kwenye Linux, la pili lilipata kosa safi la anwani inayotumika na mtu akajua la kufanya. Kwenye Windows la pili lilikubaliwa. Yote mawili yakaanza kupokea wageni kwenye poti hiyo hiyo, la pili likalipora la kwanza, kisha yote yakaingia katika hali ya kukwama ambamo hayasikii ishara yoyote ya kuzimwa kwa adabu. Njia pekee ilikuwa kuyaua kwa nguvu kupitia mfumo endeshi wenyewe.

Aliyelichimba tatizo hilo, mmoja wa wasanidi wa Python, aliacha maelezo marefu ndani ya msimbo, marefu kuliko msimbo anaoueleza, na kwa maoni yangu ni katika maelezo bora ya kiufundi yaliyowahi kuwekwa mahali pasiposomwa. Alieleza kwamba kinacholingana na SO_REUSEADDR ya Unix upande wa Windows ni SO_EXCLUSIVEADDRUSE, neno ambalo kwa sura linaonekana kuwa kinyume chake. Akaongeza kwamba kosa hili ni la kawaida kwa sababu waandishi wengi wa programu huria wametoka Unix, na akatoa mfano: OpenSSL 0.9.8g, inapoendeshwa kama seva ya majaribio kwenye Windows, nayo inaweka SO_REUSEADDR. Programu ya kulinda mawasiliano ya watu iliacha mlango wa poti wazi.

Tiba ya Python ilikuwa na sehemu tatu. Majaribio yaliacha kuchagua poti. Yanaomba poti 0, na kerneli inayapa yoyote iliyo huru. Kwenye Windows soketi za majaribio zinawekewa SO_EXCLUSIVEADDRUSE. Na jaribio lolote litakaloweka SO_REUSEADDR kwenye soketi ya TCP linafelishwa papo hapo, mfumo wowote ule. Hiyo ya tatu ndiyo ninayoipenda. Haikutegemea kumbukumbu ya mtu.

Maktaba yenyewe haikupata bahati hiyo. Seva ndogo ya HTTP inayokuja na Python iliwekewa ruhusa ya kutumia tena anwani zamani, ikiwa na maelezo ya mstari mmoja kwamba inaelekea kufaa kwenye mazingira ya majaribio, na ruhusa hiyo haikuuliza mfumo gani. Kwa miaka mingi uliweza kufungua madirisha mawili kwenye Windows, ukaendesha seva hiyo kwenye poti 8000 katika kila dirisha, na yote mawili yakakwambia kwa utulivu kwamba yanahudumia. Kivinjari kingekupa ukurasa, na usingejua umetoka kwenye folda ipi.

Lugha zilizokuja baadaye zilijifunza. Maktaba ya mtandao ya Go huweka SO_REUSEADDR kwa kila seva kwenye Unix bila kuulizwa. Kwenye Windows haiweki kitu, na maelezo ndani ya msimbo yanasema kwa nini: Windows tayari inaruhusu anwani zilizotumika karibuni, na chaguo hilo lingempa mtu uwezo wa kuingia kwa nguvu kwenye poti ya mwingine. Ukiangalia marekebisho ya miradi mingi midogo utakuta ni hayo hayo: sharti moja la mistari miwili, likiuliza kama tuko Windows. Anayetaka ulinzi kamili anaongeza SO_EXCLUSIVEADDRUSE, akijua kuna gharama yake, kwamba miunganisho iliyopokelewa ikiwa bado hai, seva inayorudi inaweza kukataliwa poti mpaka iishe.

Kando ya haya palikuwa na watu waliochoka kungoja kabisa. Seva za wavuti zenye wateja wengi zilijaa maelfu ya mabaki ya TIME-WAIT, na Linux ilikuwa na swichi ya kuyafuta haraka, tcp_tw_recycle, iliyopendekezwa na kila mwongozo wa kuongeza kasi. Ilifanya kazi kwa kulinganisha mihuri ya muda ya pakiti kutoka anwani moja, ikidhani anwani moja ni mashine moja. Kwa wateja wanaotoka nyuma ya anwani moja ya pamoja, kama ilivyo kwa mamilioni wanaotumia intaneti ya simu, Afrika Mashariki wakiwamo, dhana hiyo ni ya uongo. Simu ya jirani ikitangulia kwa muhuri mkubwa zaidi, maombi ya simu yako hutupwa kimyakimya, na tovuti inafunguka mara moja, inagoma mara ya pili. Swichi hiyo iliondolewa kwenye Linux 4.12, mwaka 2017.

Wakati huo chaguo jingine lilikuwa limeshaingia. SO_REUSEPORT lilikuja na 4.4BSD mwaka 1993, kwa ajili ya programu nyingi zinazotaka kupokea matangazo ya kundi kwenye poti moja. Linux ililipokea mwaka 2013, toleo la 3.9, kwa kusudi jingine: michakato mingi isikilize poti moja na kerneli igawe wageni baina yao. Safari hii waliweka sharti tangu mwanzo, kwamba wote wanaoshiriki poti wawe wa mtumiaji mmoja. Seva ya wavuti ya nginx ilianza kulitumia mwaka 2015. FreeBSD, ambayo neno lilitoka kwenye ukoo wake lakini bila ugawaji huo, ilibidi ibuni jina la tatu, SO_REUSEPORT_LB.

Mwaka 2019 zamu ikawa ya Unix kuumwa na chaguo lake yenyewe. Maktaba ya asyncio ya Python ilikuwa inaweka SO_REUSEADDR kwa kawaida kwenye soketi za UDP pia, kwa mazoea ya TCP. Lakini UDP haina TIME-WAIT wala haina kusikiliza. Ule mpaka wa Berkeley dhidi ya seva mbili haukuihusu. Kwenye Linux michakato miwili ya watumiaji wawili tofauti iliweza kushika poti moja ya UDP, na pakiti zikatawanyika baina yao ovyo, hali ile ile ambayo watu wa Unix walikuwa wakiisema ya Windows kwa miaka ishirini. Marekebisho yalitolewa Desemba mwaka huo katika Python 3.8.1, na kwa matoleo ya 3.7 na 3.6 vilevile. Aliyepitisha ombi la kutumia tena anwani kwenye soketi ya UDP sasa alipata kosa, na anayetaka kweli kushiriki poti akaelekezwa kwenye SO_REUSEPORT na sharti lake la mtumiaji mmoja. Katika toleo la 3.11, mwaka 2022, kigezo chenyewe kikafutwa.